Reli kwanza, diski baadaye: kuufunga na kuurekebisha msumeno wa reli

Bodi nzima ya plaiwudi ni futi 4 kwa 8. Mpe mchukuzi aipitishe kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe hapa Unguja na utamsikia anavyoitana na watu wa kila kona. Ikifika kwenye ngazi za nyumba ya ghorofa, basi tena. Mashine yangu kubwa ya kupasulia iko karakanani Mwanakwerekwe, kabati linatakiwa Shangani ghorofa ya pili, na ukuta wa kulitia kabati hilo ulijengwa kwa mawe na chokaa na mtu aliyekuwa hana haja ya skwea. Zamani tulikuwa tunakata karakanani, tunapeleka vipande, tunakuta ukuta umepinda vidole viwili, tunarudi navyo. Msumeno wa reli ndio uliotupunguzia safari hizo.

Kwa asiyeujua: ni msumeno wa umeme wa diski ya duara, ila kitako chake kina mfereji unaokaa juu ya reli ndefu ya aluminiamu. Reli unailaza kwenye mstari wako, msumeno unateleza juu yake, nao hauna njia nyingine ya kwenda. Diski imejificha ndani ya kasha; unaizamisha kwenye mbao pale tu unapotaka kukata. Reli za namna hii zilitoka Ujerumani miaka ya 1960, kwa kampuni ya Festo, ambayo upande wake wa zana leo unaitwa Festool. Siku hizi Makita, Bosch, DeWalt na wengine wengi wanazo.

Wanaoununua huja na lalamiko moja baada ya wiki: unakata upande, au unachana plaiwudi kama iliyogugunwa na panya. Katika misumeno niliyoletewa kuitazama, mashine mbovu ni chache sana. Kilichoharibika ni mpangilio. Mtu amefungua boksi, akaweka msumeno kwenye reli, akakata. Kwa mkato huo wa kwanza tu ameshapoteza kitu ambacho hakirudi, na nitakieleza mbele. Marekebisho ya zana hii yanapandana kama ngazi: ukiruka moja, la juu yake linakuwa halina maana.

Kabla ya kuchomeka

Geuza mashine usome kibandiko. Umeme wetu ni volti 230. Zana nyingi za mitumba zinazoshuka kwenye makontena kutoka Uingereza zilikuwa za maeneo ya ujenzi, na huko wanatumia volti 110. Utazijua kwa plagi yake ya njano ya duara. Zinazotoka Japani ni volti 100. Kubadilisha plagi si kubadilisha mashine. Ukiichomeka hivyo hivyo, utasikia mlio mmoja wa kasi, halafu moshi. Kama bei imekuvutia, hesabu na bei ya transfoma inayobeba nguvu ya mashine hiyo, ndipo uamue.

Waya wa kurefushia usiwe ule mwembamba wa feni. Msumeno wenye wati 1200 mpaka 1400 ukiulisha kwa waya mwembamba wa mita 20, hapo mwisho volti zimeshuka, mota inachoka na kupata moto. Chukua waya wa milimita mraba 2.5, na kama umeviringwa kwenye gurudumu lake uufungue wote, kwa sababu ukibaki umeviringwa unajipika wenyewe. Umeme wa Unguja unakuja kutoka Bara kwa kebo ya chini ya bahari, na waliokuwepo tangu Disemba 2009 mpaka Machi 2010 wanakumbuka kiza cha miezi mitatu. Sikuhizi hali ni nafuu, lakini jioni watu wanapowasha viyoyozi, mota inakwambia. Ikiwa mlio wake umekuwa mzito bila mbao kuwa ngumu, acha kukata.

Kila rekebisho nitakalolitaja kuanzia hapa linafanywa plagi ikiwa imechomolewa. Kuizima kwenye swichi tu haitoshi. Ichomoe, na plagi uiweke pale unapoiona.

Reli

Watu wanaidharau reli kwa sababu haina mota. Mimi naanza nayo, kwa kuwa ikiwa imepinda, kila utakachokifanya juu yake kimepinda.

Kuipima hakuhitaji zana. Laza bodi mezani, weka reli juu yake, chonga penseli iwe kali, kisha chora mstari kufuata ukingo wa nyuma, ule wa aluminiamu tupu usio na mpira. Sasa izungushe reli, kichwa kije mkiani, uso wake ukiwa bado juu, na ukingo ule ule uusogeze kwenye mstari kutokea upande wa pili. Chora tena. Mistari miwili ikilingana mwanzo mpaka mwisho, reli imenyooka. Ikiachana katikati, nafasi unayoiona ni upindo wa kweli mara mbili. Nafasi ya nusu milimita kwenye reli ya mita 1.4 maana yake upindo ni robo milimita, na kwa makabati unaishi nao. Zaidi ya milimita moja, rudisha dukani.

Chini ya reli kuna mikanda miwili ya sponji nyeusi. Hiyo ndiyo inayoishika reli isiteleze, na kazi yake inaisha pale unga wa mbao unapojaa. Ifute kwa kitambaa kibichi, iache ikauke. Juu kuna vipande vya plastiki ambavyo msumeno unateleza juu yake. Pitisha mshumaa mkavu, kisha futa. Usitie mafuta. Mafuta yanakamata unga, na unga uliolowa mafuta ukikauka ni kama msasa.

Ukingo wa mbele wa reli una mkanda mwingine, wa mpira au plastiki, umetokeza nje kidogo. Karakanani kwetu tunauita ulimi. Ulimi ukiwa mpya ni mpana kuliko unavyotakiwa. Msumeno wako wenyewe ndio unaoukata, mara moja, na pale ulipokatwa ndipo diski itakapopita maisha yake yote. Faida yake ni mbili: unakuonyesha mahali hasa pa kukata, kwa hiyo unaulaza juu ya alama na basi, huna haja ya kupigia hesabu upana wa kitako; na unakandamiza uso wa mbao pembezoni mwa diski, vibanzi visinyanyuke. Kwa sasa usiuguse.

Kuondoa kucheza

Weka msumeno juu ya reli, diski ikiwa juu, kisha ushike kitako kwa mikono miwili uujaribu kuutikisa kushoto na kulia. Ukisikia kugonga, hata kidogo, kitako kinacheza. Nusu milimita ya kucheza mbele na nusu nyuma, na mkono wako ukisukuma leo hivi kesho vile, ndiyo mikato inayofanana na nyoka.

Kwenye kitako, karibu na mfereji, kuna vifundo viwili, kimoja mbele na kimoja nyuma. Kwa baadhi ya mashine unavizungusha kwa vidole, kwa nyingine unalegeza skurubu kwanza. Ndani yake mna kijidude cha umbo la yai ambacho kikizunguka kinausogelea mgongo wa reli, ule uliotuna unaoingia kwenye mfereji. Anza na cha mbele: zungusha mpaka kiguse, rudisha unywele, kaza. Halafu cha nyuma vivyo hivyo. Kipimo changu ni vidole viwili: msumeno uteleze reli nzima kwa kusukumwa na vidole viwili, na ukiutikisa usigonge. Ukilazimika kuusukuma kwa kiganja, umekaza mno, na hapo utakuwa unashindana na reli badala ya kukata.

Pitisha msumeno reli yote, usijaribu katikati tu. Kama una reli mbili za kuunganisha, jaribu kwenye zote. Zikitofautiana, rekebisha kwa ile iliyo nene, vinginevyo msumeno utakwama njiani. Na ukiazima reli ya mtu, rudia kazi hii. Misumeno ya Makita na Festool inakaa kwenye reli za mwenzake, lakini umbali wa diski kutoka kwenye mgongo hauko sawa sawa, kwa hiyo ulimi uliokatwa na mmoja si wa mwingine.

Diski

Tundu la diski kwa misumeno mingi ya aina hii ni milimita 20, na kipenyo ni 160 au 165. Soma mashine yako kabla ya kwenda dukani. Ukifungua diski, futa bati zile mbili zinazoibana. Chembe moja ya utomvu uliokauka ikiwa kati, diski inayumba na mkato unakuwa mpana. Meno yanaangalia juu kwa upande wa mbele. Nalisema hilo kwa sababu nimeshamwona mtu mzima ameifunga kinyume na kulaumu mbao.

Meno 48 ni ya plaiwudi, melamini (bodi yenye gamba la plastiki) na mikato ya kukatiza nyuzi za mbao. Meno 12 mpaka 14 ni ya kupasua mbao nene kwa urefu. Ile ya 28 ni ya kila kitu, nayo haifanyi vizuri hata kimoja, ila ukiwa na diski moja tu nunua hiyo. Lililo muhimu zaidi ya idadi ya meno ni unene: diski za unene tofauti zinakata mahali tofauti. Ulimi uliokatwa na diski ya milimita 2.2 ukitumiwa na ya milimita 1.8 unabaki mbali na mkato, haukandamizi tena. Chagua unene mmoja ukae nao.

Nyuzi 90

Kitako kina skurubu ya kikomo inayousimamisha msumeno kwenye sifuri ya mshazari. Kiwandani wameiweka, meli na lori zimeitikisa. Unaweza kuweka skwea ndogo kati ya kitako na bati la diski (usiigusishe kwenye jino, meno yametokeza), lakini jaribio ninaloliamini ni la kugeuza. Chukua kipande cha mbao chenye unene wa milimita 40 hivi, kikate katikati. Vilaze vipande viwili mezani kama vilivyokuwa, kisha kimoja kigeuze chini juu na uvikutanishe pale palipokatwa. Mkato ukiwa nyuzi 90, vinashikana kama havijawahi kuachana. Ukiona mwanga juu au chini, kosa ni nusu ya unachokiona. Mwanga wa milimita 0.4 kwenye mbao ya 40 ni kama theluthi ya nyuzi moja, na milango ya kabati inalionyesha kosa hilo vizuri sana.

Zungusha skurubu ya kikomo robo mzunguko, kata tena, geuza tena. Mara tatu au nne utafika. Kikomo cha nyuzi 45 unaweza kukiacha mpaka siku utakapokihitaji.

Diski kulingana na reli

Hapa ndipo penye utamu, na ndipo wengi wanapoharibu mashine nzima kwa kutaka kurekebisha kisichougua. Kwa hiyo kwanza uliza: inaugua? Kata bodi, utazame ukingo wa kipande kilichokuwa chini ya reli. Ukiona mikwaruzo ya upinde inayokwenda upande mmoja tu, uache msumeno kama ulivyo, nenda hatua inayofuata. Ukiona pinde zinazopishana kama wavu, au weusi wa kuungua, meno ya nyuma ya diski nayo yanakwangua pale ambapo ya mbele yameshapita. Sikio pia linasaidia: mkato mzuri una mlio mmoja, meno ya nyuma yakigusa unasikia mluzi wa pili juu yake.

Tunachokitaka ni diski iende sambamba na reli, au nyuma yake iwe imejitenga na reli kidogo sana, kama unene wa karatasi. Karatasi ya kawaida ya kuchapishia ina takriban milimita 0.1, na hiyo ndiyo fila yangu, yaani kipimo changu cha upenyo.

Kupima kwake ni hivi. Laza reli juu ya ubao, ukingo wa ulimi ukining'inia nje ya ubavu wa ubao kama sentimita moja, uibane. Kwenye ubavu huo wa ubao, chini ya reli, chomeka skurubu ya shaba ikiwa imelala, kichwa kikitazama nje. Chagua jino moja la diski, litie alama ya kalamu. Msumeno juu ya reli, plagi nje, mmoja anaushikilia umezama na mwingine anainama. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na hapa si methali. Zungusha diski kwa mkono mpaka jino lenye alama liwe mbele, usawa wa skurubu, kisha fungua skurubu polepole mpaka kichwa chake kiliguse jino. Likishagusa, usiiguse tena skurubu. Sukuma msumeno mbele, zungusha diski mpaka jino lile lile liwe sehemu ya nyuma mbele ya kichwa cha skurubu. Tia karatasi moja kati yake. Ikipita kwa kukwaruza, hongera. Isipokuwa na nafasi hata ya karatasi, lakini jino haligongi, uko sambamba, nako ni sawa. Jino likigonga skurubu, nyuma ya diski imeingia upande wa reli na ndiyo iliyokuwa inaunguza. Zikipita karatasi tatu au nne, imetoka mno, na kipande cha pili ndicho kinachokwanguliwa.

Tunatumia jino moja mbele na nyuma kwa sababu meno hayalingani kabisa na diski haikosi kuyumba kidogo. Jino likiwa ni lile lile, unachopima ni mwelekeo tu. Na skurubu ni ya shaba kwa sababu kabaidi ya meno ni ngumu lakini inamenyeka ikigonga chuma.

Skurubu za kurekebishia ziko mahali tofauti kwa kila mashine; kitabu chake kinaonyesha. Mara nyingi ni zile zinazofunga mabano ya mota kwenye kitako. Legeza nusu mzunguko tu, gonga taratibu kwa kishikio cha bisibisi, kaza, pima tena. Kukaza kwenyewe kunahamisha kitu, kwa hiyo kipimo cha kabla ya kukaza hakihesabiki. Ukimaliza, rudi kwenye jaribio la nyuzi 90. Nimesema zinapandana.

Sasa kata ulimi

Msumeno hauchezi, diski ndiyo utakayokaa nayo, nyuzi ni 90, mwelekeo umekubali. Sasa tu. Laza reli juu ya ubao usiouhitaji, ibane ncha zote mbili, weka kina kidogo, kiasi cha kupita reli na kuuma ubao milimita 5. Mota iwe kwenye kasi ya juu. Zamisha mwanzoni mwa reli na usukume mwendo mmoja wa polepole mpaka mwisho, bila kusimama. Ukisimama njiani, diski inaacha kovu pale.

Mimi ulimi wangu wa kwanza niliukata siku ya kufungua boksi, msumeno ukicheza. Nilipokuja kukaza vifundo baadaye, diski ikahama karibu milimita moja nje, na ulimi ukawa hauna kazi. Kila mkato ukawa na vibanzi na kila kipimo nikilazimika kuongeza milimita kichwani. Wa akiba haukuwepo madukani, nikaagiza Dar es Salaam, nikausubiri boti. Kijana wangu wa karakana aliniuliza, "Fundi, kwani hatuwezi kuusogeza ule ule?" Tukaubandua, tukausogeza nje, tukaubandika. Gundi ilishika nusu siku, kwenye jua ukaning'inia kama utambi.

Jambo moja zaidi: mashine nyingine zinaweza kuinama chini ya sifuri, mpaka nyuzi moja kasoro, kwa kazi za viungo vinavyotaka kubana. Ukikata hivyo kwenye reli hiyo hiyo unakula ulimi. Tumia reli kuukuu.

Kina, na namna ya kulaza bodi

Reli inakula kama milimita 5 za kina. Bodi ya 18 inataka 18, na 5, na 2 au 3 za meno kutokeza chini. Baadhi ya mashine zimeshahesabu reli kwenye kipimo chao, nyingine hazijahesabu. Hakikisha kwa macho. Diski iliyozama kupita kiasi inachana zaidi na inaruka kwa nguvu zaidi ikibanwa.

Bodi usiitundike kwenye viti viwili. Ikikatwa inajikunja katikati, inaibana diski, na msumeno unakurukia. Laza chini mbao nne za msonobari za 2 kwa 4, bodi juu yake, vipande vyote viwili vibaki vimelala baada ya kukatwa. Bora zaidi ni povu gumu jeupe linalofungashiwa mafriji. Waombe wenye maduka ya vyombo vya umeme, wanalitupa. Bodi nzima inakaa juu yake sakafuni, diski inaingia kidogo ndani ya povu, hakuna kinachoning'inia.

Kupima, futi usianzie kwenye ndoano yake inayocheza. Anzia kwenye sentimita 10, na usisahau kuzitoa. (Kila fundi ameshasahau. Kipande kinakuwa pungufu sentimita 10 kamili, na wote karakanani wanajua kwa nini.) Tia alama mbili za ncha kali, laza ulimi uziguse, na ukumbuke kuwa unene wa diski unaliwa upande wa nje ya reli, upande wa kipande kingine. Reli kwa hiyo inakaa juu ya kile unachokitaka.

Bodi ya dukani usiiamini kuwa ina pembe mraba. Pima milalo miwili: ya bodi ya 1220 kwa 2440 ni milimita 2728 kila mmoja. Ikitofautiana, kata ukingo mmoja mrefu unyooke, kisha kata upande mfupi kwa kanuni ya 60, 80, 100, na vipimo vyote vitoke kwenye kona hiyo.

Kukata

Reli itokeze nyuma ya mwanzo wa bodi, kitako kikae chote kabla diski haijagusa mbao. Ndiyo maana reli za mita 1.4 zinauzwa sana, zinavuka upana wa bodi na kubakiza nafasi. Vaa miwani na kinga ya masikio. Washa, acha mota ifike kasi yake, zamisha, kisha sukuma. Usizamishe huku unasukuma. Mwili ukae pembeni ya njia ya msumeno. Mwisho wa mkato, inua diski, zima, subiri isimame.

Waya wa umeme na bomba la kufyonza unga vipitishe begani. Vikikwama kwenye ncha ya reli vinavuta msumeno au vinahamisha reli yenyewe, na ndicho chanzo cha mikato mingi iliyopinda ambayo watu wanasingizia reli.

Melamini inataka mikato miwili: wa kwanza wa kina cha milimita 2 au 3 tu, unaochana gamba la juu, wa pili wa kina kamili. Baadhi ya mashine zina kitufe maalumu kwa ajili hiyo. Reli isisogee kati ya mikato hiyo, kwa hiyo ibane kwa klampu zinazopita chini yake, usitegemee sponji.

Kwa urefu wa bodi, unga reli mbili. Zilaze kwenye sakafu iliyonyooka, tia vyuma vya kuungia, acha upenyo kama unene wa karatasi kati ya ncha zake, sogeza kitu kirefu kilichonyooka kwenye ukingo wa nyuma, ndipo ukaze, taratibu. Skurubu zikikazwa kwa hasira zinauvimbisha mgongo wa reli na msumeno unakwama hapo hapo.

Ukuta wa Shangani

Hapa zana hii inailipa karakana. Pengo kati ya kabati na ukuta, juu milimita 62, katikati 51, chini 47. Kwa mashine ya meza ungelazimika kutengeneza kiegemeo cha mshazari. Kwa reli, unatia alama ya 62 na ya 47, unalaza ulimi, unakata. Pale katikati mstari ulionyooka unadai kama 54 na nusu, ukuta una 51. Hizo milimita tatu na nusu unazimaliza kwa randa ya mkono, ukuta wenyewe ukiwa ndio mwalimu. Ukuta haubomolewi kufuata kabati.

Mbao ngumu

Mvule una mawe. Ndani ya mti chokaa inajikusanya na kugeuka jiwe, na huoni chochote mpaka cheche zitoke. Ukisikia sauti ya kusaga, inua. Mnazi nao unamaliza makali upesi kwa silika iliyomo ndani yake, chembe ngumu kama za mchanga, hasa mbao ya nje ya gogo; tenga diski kuukuu kwa ajili yake. Msonobari wa Bara, hata ukiwa laini, una mvutano ndani. Ukipasuliwa kwa urefu unajifunga nyuma ya diski. Kijana asimame na kabari ndogo, aichomeke kwenye mpasuo kila baada ya nusu mita.

Unga wa mbao ngumu si wa kuchezea. Unahesabiwa miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani ya pua, na wa mvule unawasha ngozi na kubana pumzi. Barakoa ya kitambaa haitoshi. Vaa ya kuzuia vumbi jembamba.

Chumvi, jua na ulimi mpya

Hewa yetu ya chumvi haiigusi sana aluminiamu, lakini skurubu ya diski na alenki zinaota kutu ndani ya msimu mmoja wa masika. Futa kwa kitambaa chenye mafuta kidogo sana. Utomvu kwenye diski unaondoka kwa maji ya uvuguvugu na magadi, dakika kumi, kisha mswaki wa zamani, na ukaushe papo hapo. Reli itundikwe kwa tundu lake la ncha, isiegemezwe ukutani ikapinda, na isisahauliwe juani kwenye gari. Joto linalainisha gundi ya mikanda yote.

Ulimi ukishaliwa, ukiona vibanzi vinarudi ingawa diski ni kali, bandua wote. Gundi iliyobaki ifute kwa spiriti mpaka kitambaa kitoke cheupe, subiri ikauke, bandika mpya bila kuuvuta, kwa sababu ukivutwa utarudi kuwa mfupi usiku huo. Uache ulale mpaka kesho. Asubuhi, kabla ya kuukata, weka msumeno juu ya reli uutikise kushoto na kulia.